Gari Mu Mulango ya Lupango

Baba Iliasi,

Mboga ya sombe iko ndani ya chungu, funika vizuri, paka asiguse.

Fundi asimwage mafuta ingine kwanza. Achomoe kile kijiti cha kupimia mafuta ya boîte otomatiki, ile ya gia, akifute: pale imeandikwa aina ile gari inataka. Nilikuambia jana. Ukanijibu mafuta nyekundu yote ni nyekundu, ukaenda kununua ya chupa isiyo na jina kule sokoni.

Na leo asubuhi, siku ya ndoa ya mudogo wangu Sifa kule Kabambare, gari ikafika katikati ya mulango ya lupango ikakataa. Mbele haiendi, nyuma hairudi, na pembeni hakuna pa kupita. Wewe ulikuwa umeshatokeza upande wa barabara, ukashuka, ukaenda kutafuta fundi. Mimi ukaniacha huku ndani ya ukuta wa lupango kama kuku, kitenge cha ndoa mwilini.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi nikipenda.

Moto, pikipiki ya kunipeleka ndoani, inaningoja inje. Naenda kufungua gari kwa nyuma, nipande juu ya viti, nitokee kwa mulango wako wa dereva. Tangu uinunue, leo ndiyo mara ya kwanza itanitoa hapa nyumbani.

Bibi yako