Kadi ya Janvier na Dakika ya Kimya

Jumapili, Julai 2011, Yeoville, mtaa wetu wageni huku kusini mwa Afrika. Jua linawaka lakini halina kazi, baridi imeingia mpaka kwenye meno.

Nina wivu. Nimeshaandika, sasa tuendelee.

Maharusi wote wa maana kuanzia Troyeville mpaka hapa nimewapiga video mimi. Shule niliacha darasa la sita, lakini kamera inanijua kwa jina. Halafu anatokea Janvier, fundi wa kufunga kamera za ulinzi madukani. Kachukua ile kadi inayopokea picha za kamera nne za duka, kaichomeka kwenye kompyuta kuukuu, kaunganisha kamera za harusi. Jana kwenye harusi ya Espérance alikuwa anabonyeza tu, picha zinatokea kubwa ukutani: mara bibi harusi, mara mama anayelia, mara keki, yote papo hapo. Vigelegele kana kwamba kaleta televisheni ya taifa!

Na mimi? Kamera namba mbili.

"Vieux, simama hapo, usitikisike." Janvier huyo, ananiita vieux, yaani mzee. Tumezaliwa mwaka mmoja!

Ikafika dakika ya kimya ya kumkumbuka marehemu baba yake Espérance. Ukumbi ukaganda. Nikatupa jicho kwenye kompyuta: alama nyekundu ya kurekodi imezimika.

Nilijua palepale. Nimewahi kuwa mlinzi Sandton, kwa matajiri, nikikodolea skrini kama hizo. Kadi ya ulinzi huwa inapangwa irekodi kitu kikisogea tu. Watu wakitulia, nayo inalala. Janvier alisahau kuubadilisha mpango huo. Neno moja tu ningemnong'oneza.

Sikumnong'oneza. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Leo asubuhi kaja kwangu, macho mekundu. Dakika ile haimo, na bibi yake Espérance kule Bujumbura anaisubiri hiyo kuliko keki.

"Kaka, wewe hukuona kitu?"

Leo sikuwa vieux. Nikamjibu sikuona.

Sasa sikia. Kamera yangu siku zote naiwekea kanda, hata nikiambiwa haina haja. Kiburi tu. Dakika nzima ninayo, mpaka chozi la Espérance linafika kidevuni. Eish, nimeipiga vizuri!

Mchana kutwa nimewaza nimpelekee Espérance mwenyewe, ajue fundi ni nani.

Hapana. Nampelekea Janvier, na namwambia niliona. Halafu anifundishe hiyo kadi yake, mshenzi yule.

Koti nimeshavaa. Kiatu kimoja bado nakitafuta, na sina hakika kama nakitafuta kweli.