Umeme Unapotelea Njiani

Jumamosi, 2 Machi

Taa nyekundu ya betri imewaka tena! Na betri yenyewe mpya, ya juzi tu. Gari limezimika hatua chache kabla ya geti la hospitali, Mama yumo ndani, figo zake hazijui kusubiri. Wauza matunda wawili wameacha meza zao wakasukuma. Mmoja akaniambia nishike usukani tu, mengine niwaachie. Mungu awazidishie. Mama alifika kwenye mashine ya kusafisha damu dakika tano kabla ya zamu yake.

Jumatatu, 4 Machi

Fundi wa mtaa wa pili ameisikiliza injini, kakunja uso kama daktari. Altaneta imekufa, kasema – ndiyo inayotengeneza umeme wa kuchaji betri. Hakupima kitu. Kafunga nyingine na mkanda mpya. Taa ikazimika. Nikamwita bingwa!

Jumanne, 5 Machi

Kwenda salama. Kurudi – taa hiyoo! Nikazima redio, feni, kila kitu, nikaendesha nimebana pumzi, utadhani pumzi zangu nazo zinakula betri. Mama kutoka kiti cha nyuma: mwite shemeji yako. Nikajifanya sijasikia.

Shemeji ni fundi umeme wa magari. Alikuwa mume wa dada. Dada alipofariki, hata mwaka haukuisha, akaoa. Siku ile nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Miaka minne hatusemeshani.

Jumatano, 6 Machi

Bingwa wangu sasa anasema tubadilishe betri. Ile ile mpya! Nimeondoka. Kubahatisha si ufundi.

Mama amelala sebuleni, miguu imevimba. Kesho zamu yake. Nimemeza kiburi, nikapiga simu. "Shem?" – sauti ile ile, kana kwamba tuliongea jana. Nikaeleza habari za gari mbio mbio, mengine nikayaruka. Aliuliza jambo moja tu: kesho Mama anatakiwa saa ngapi?

Alhamisi, 7 Machi

Alikuja mwenyewe alfajiri na gari lake. Kampeleka Mama, kamngoja saa zote nne, kamrudisha. Mimi niko darasani nafundisha sehemu na desimali, akili haipo. Jirani anasema alimshika Mama mkono ngazi zote, wakipumzika kila baada ya tatu.

Sijui niandike nini. Asante. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeona ufundi! Nilipotoka shule nikamkuta uani, boneti wazi, kipimo cha umeme mkononi. Injini ikiwa inanguruma, akagusa betri: volti kumi na mbili na kidogo. Akagusa nyuma ya altaneta: kumi na nne na nusu.

"Umeona, shem? Maji yapo kisimani. Bomba ndilo bovu."

Umeme unatoka vizuri, unapotelea njiani! Akaufuata waya mnene kwa vidole, polepole, hadi karibu na betri. Kwa nje mzima kabisa. Alipomenya mpira – unga wa kijani, na nyuzi chache za shaba zilizoshikana kwa kudra tu. Ukipoa zinagusana, ukipata moto zinaachana. Ndiyo maana taa ilikuwa ikinichezea.

"Kwa hiyo altaneta niliyoitupa..."

"Huenda ilikuwa nzima, shem."

Nikacheka mpaka nikashika boneti. Naye akacheka. Dada naye angecheka, najua wote wawili tuliwaza hivyo.

Kafunga waya mpya. Tukawasha taa, feni, redio – volti hazishuki! Nikataka kumwomba radhi kwa yale maneno. Nikafungua mdomo, yakatoka: "Asante kwa waya." Punguani mimi! Yeye akafuta mikono. Akasema alikuwa akiisubiri simu yangu tangu mwaka ule.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika jikoni, chai haijachemka. Tumekwenda hospitali tumerudi, taa kimya. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Shemeji kapita kuhakikisha gari, yuko sebuleni na Mama. Mkewe kabaki garini huko nje. Simjui, harusi sikwenda. Mama kauliza mbona mwenzako haingii. Shemeji akatazama sakafu: anaogopa, Mama, hajui kama atapokelewa. Yuko na mtoto. Wa kike, miaka mitatu.

Nikauliza, anaitwa nani?

Akalitaja jina la dada.

"Mke wangu ndiye aliyelichagua," akasema.

Mama kalirudia jina lile, polepole. Mimi nikasema naangalia chai, nikakimbilia huku. Nimeteremsha vikombe vitatu. Nimeongeza cha nne. Na kile kidogo cha plastiki.

Dirishani namwona shemeji amewafuata, mlango wa gari unafunguka. Kiatu kidogo chekundu kinatafuta ardhi. Mama ananiita – nikafungue, watasimama nje mpaka lini? Naenda. Nasema nini? Naenda, Mama, naen–