Kompyuta Yako ya Ofisini Imecheza Mpira

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia. Ulikuwa unaitikia kabla mtu hajamaliza kukuamkia, na sidhani kama huko umebadilika.

Hukupenda kuzungushwa, kwa hiyo habari kubwa naitanguliza: kompyuta yako imecheza mpira. Vipindi vyote viwili, bila kuganda. Kaka Shomari ameshuhudia. Tena hakushuhudia tu, amefungwa.

Unauliza kompyuta gani. Ile ile, mama. Ile waliyokupa ofisini siku ya kukuaga. Wenzako waliostaafu kabla yako walipewa majokofu, mmoja akapewa kitanda cha mninga. Wewe ukapewa mashine uliyoichapia barua zao maisha yako yote, wameifunga utepe mwekundu. Ulirudi nayo kwa bajaji umeipakata kama mjukuu. Nikakwambia hawa wamekupa takataka ukawatupie. Ukanitazama vile ulivyokuwa unatazama watu waliokosea kuandika tarehe. "Adabu, Mwana. Hii imefanya kazi kuliko bosi wangu."

Tangu uondoke nyumba imebadilika kidogo kidogo, kama vile inaona aibu. Paka wako amehamia kwa jirani, na akipita hapa ananitazama kama mgeni. Kanga zako tuligawa kwa shangazi zangu, isipokuwa moja, na ukikutana na anayeulizia hiyo moja mwambie huijui. Redio bado iko kwenye stesheni yako. Hakuna aliyethubutu.

Sasa kisa.

Siku ya arobaini, hitma imekwisha, wageni wameondoka, masufuria yanasuguliwa uani, Kaka Shomari akatuita mimi na Mjomba Bakari. Kaka si mtu mbaya, mama, wewe ndiye uliyemzaa unajua. Ni mtu wa Dar tu, na watu wa Dar wakiona chumba kitupu mwili unawawasha. Akasema amempata mtu wa magodoro anayekitaka chumba cha mbele, kwa sababu kinatazama barabara ya kwenda gati. Nikasema chumba kile Mama alinipa mimi, niweke meza yangu ya kutengenezea simu na niwawekee watoto wa mtaa gemu.

"Alisema mbele ya nani?"

Mbele yangu, mama. Ulikuwa unachambua mchele, ukasema bila hata kuinua kichwa, "Chumba cha mbele ni chako, ukae utulie." Mchele ulisikia. Mchele tukaula.

Mjomba Bakari akakuna ndevu. Akasema mrithi hausiwi kitu juu ya fungu lake mpaka mrithi mwenzake aridhie. Hakusema kwa ubaya, dini ndivyo ilivyo na mimi nimeisoma. Ila maana yake ni kwamba chumba changu kilikuwa mdomoni mwa Kaka Shomari. Akisema naridhia, nina pa kukaa na kazi yangu. Asiposema, narudi kutengeneza simu za watu barazani, jua likinifukuza kutoka nguzo hii kwenda ile.

Kaka akaitupia jicho kompyuta yako pale pembeni, na kitambaa chake cha kufuma juu. "Hizo gemu utazichezeshea nini, hilo?"

Nikasema hilo hilo.

Akacheka hadi akashika goti. "Mwana, hilo ni la kuchapia barua za likizo." Halafu akafanya kosa ambalo watu wa Dar hulifanya wakiwa wameshiba: akaweka nadhiri mbele ya shahidi. "Likicheza mpira mechi nzima bila kuganda, naridhia, chumba chako. Likiganda, naleta magodoro. Idi pili narudi."

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akasema, "Nimesikia." Mchele safari hii haukuhitajika.

Mama, nilipoifungua kava ile mashine yako, hapa tuseme ukweli wetu. Kwa miaka yote uliisitiri. Mwanamke wa Kilindoni haachi kitu cha thamani kichwa wazi: televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, na kompyuta nayo ukaifumia chake, chenye maua na pindo la mawimbi. Kizuri. Ila mashine inapumulia matundu yale yale uliyoyasitiri. Feni ilikuwa inavuta uzi kidogo kidogo, uzi mweupe umejizungusha kwenye mhimili wake, utafikiri kuna mtu amekaa humo ndani anafuma. Nilikaa nikautoa kwa sindano. Nilikuwa nacheka, halafu sikuwa nacheka, halafu nikaendelea na kazi.

Hewa yetu ya chumvi nayo haikukaa bure, ilikuwa imepaka ukijani kwenye vyuma. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, vijiti vya kumbukumbu, ile RAM, nikavifuta meno kwa ufutio wa shule. Ilipowaka, iliwaka kwa mwendo wako wa asubuhi: kwanza iamke, kisha ifikiri, kisha ikuulize unataka nini. Nikakuta ile gemu ya karata bado ipo, na matokeo yako. Ulikuwa unaniambia saa ya chakula unapumzisha vidole. Kwa matokeo yale, mama, vidole havikupumzika hata siku moja.

Kazi hii sikufundishwa na mtu, unajua. Nimejifunza kwenye simu, video za watu wanaosema lugha nisizozielewa, mimi natazama mikono yao tu. Mdomo unadanganya, mkono ukikosea bisibisi inaanguka. Kwa hiyo nilijua ninachohitaji. Kadi ya picha, ile fupi, maana boksi lako ni jembamba, halipokei kadi ndefu. Hiyo niliipata mapema. Na prosesa, ule ubongo wenyewe, wa kwako ulikuwa mpole mno kwa mpira. Kilikuwa kitu kidogo kama biskuti, cha kutia mfukoni.

Nikampigia muuza vipuri wa Kariakoo, tukaelewana. Nikampigia Saidi, yule anayewabebea watu mizigo kutoka Dar. Kwa mdomo wangu huu nikawaambia wote wawili: "CPU."

Umeshaelewa.

Saidi alishuka gatini na mzigo begani, umefungwa blanketi, kamba nne. "Dada Mwana, CPU yako hii. Nimeipakata botini tangu Nyamisati, haijaguswa na tone." Boksi zima, mama. Kubwa, la kusimama, zito kama kiroba cha sembe. Nilikaa chini pale pale juu ya mfuko wa saruji wa mtu. Saidi akadhani ni furaha, akanipa muda.

Ningemlaumu vipi? Huku kwetu nani hajawahi kuliita lile boksi CPU? Wewe mwenyewe kila ukitoka kwenda kuswali: "Mwana, nizimie CPU." Kitabuni ni ubongo tu, kwetu ni kiwiliwili chote. Mimi, fundi, niliyewacheka watu kwa neno hilo hilo, nikalitumia kama wao. Na boti ya kurudisha mzigo na kuleta mwingine haikuwepo tena kabla ya Idi.

Nikaja nalo nyumbani kwa toroli. Nikaliwasha: kimya. Ubao wake mkuu ulikuwa umeungua, ndiyo maana yule bwana aliuza kwa moyo mweupe. Nikalifungua basi, kwa hasira tu, mtu aone amenunua nini. Ubongo niliokuwa nautafuta ulikuwa umekaa humo, mzima, ukinisubiri niache kununa. Pembeni yake vijiti viwili vya kumbukumbu nilivyokuwa nimekata tamaa ya kuvipata. Na juu yake feni.

Hiyo feni, mama. Ule uzi wako nilikuwa nimeutoa, lakini mhimili ulikuwa umeshalika, na nilipoupachika ubongo mpya kwenye mashine yako na feni ya zamani, feni ikanguruma kama mzee anayesafisha koo, na joto likapanda hadi ikajizima yenyewe. Feni ya aina ile Mafia hii nzima huipati. Lau Saidi angeniletea ile biskuti niliyoitaka, ningeishia hapo. Ningesema kwa usahihi, ningeletewa kitu sahihi, na ningeshindwa kwa usahihi.

Tundu za skrubu hazikukubaliana, kwa hiyo feni mpya nimeifunga kwa mshipi wa kuvulia. Mshipi unaopandisha kolekole hauwezi kushindwa na upepo. Nikapachika kadi fupi, nikawasha, nikaweka gemu. Mara ya kwanza wachezaji walikuwa wanakimbia kama wamo kwenye uji. Nikaingia kwenye mipangilio nikaanza kubana matumizi kama ulivyokuwa unabana Ramadhani ikikaribia kwisha: vivuli nikaondoa, nyasi nikazipunguza, mashabiki nikawafanya picha za kubandikwa, hawapigi makofi wala hawanyanyuki. Mpira ukatiririka. Siku ile nilikula daku nikiwa natabasamu peke yangu.

Idi pili Kaka Shomari akaja kutoka Dar na pedi yake mwenyewe ya kuchezea gemu kwenye kimkoba, kama daktari. Nikampa pilau kwanza. Nilitaka awe mzito.

Watoto wa mtaa wakajaa dirishani. Mjomba Bakari akawekewa kiti cha katikati. Unakumbuka aliwahi kuwa refa wa mechi za kijijini Kanga, na ugomvi wake na watu wa kule haujaisha mpaka leo. Alikaa akakunja kanzu, sura ya kazi. Tukaanza.

Kaka akanifunga mapema. Sikujali sana. Nilikuwa nacheza mpira kwa macho na nasikiliza feni kwa masikio. Inavuma, inavuma. Nikarudisha bao. Kaka akaacha kuegemea.

Katikati ya kipindi cha pili picha ikasimama. Wachezaji wote, mguu mmoja juu. Mama, nikatega sikio kwenye feni.

"Imeganda," Kaka akasema, na tayari anainuka. "Mjomba, shahidi wewe. Imeganda."

Mjomba hakutazama skrini. Alikuwa anatazama mikono, kama mimi. "Shomari, kidole gumba chako kimekalia nini?"

Kilikuwa kimekalia kitufe cha kusimamisha mchezo. Akakiondoa kidole, akabonyeza kitufe tena, wachezaji wakaanza kukimbia. "Endeleeni," Mjomba akasema. "Kilichoganda ni kidole."

Dirishani wakaangua kicheko. Kaka akakasirika, na mtu akikasirika hutafuta ila. Akaitazama skrini kwa makini, akaona majukwaani hapatikisiki mtu. "Na hawa mashabiki mbona wamekufa?"

Neno likatoka ndilo hilo. Katika nyumba hii, mama. Hata watoto dirishani wakaacha kusukumana. Kaka mwenyewe alilisikia likimtoka, nikaona macho yake yanakwenda kwenye kiti chako. Mimi nikashika pedi tu, sikujua niweke wapi uso.

Mjomba Bakari, mdogo wako wa tumbo moja, akasema taratibu, "Hawajafa. Wameshikwa na haya, wanavyokuona unavyopelekwa na dada yako."

Kaka Shomari akacheka kwanza. Alicheka hadi machozi, na machozi yale yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Ni kicheko cha kwanza cha moyoni kilichotoka katika nyumba hii tangu tukutoe. Nilitaka ukijue.

Halafu nikamfunga. Dakika za mwisho, kona, kichwa, wavuni. Kumfunga hakukuwa kwenye masharti, ilitosha mashine isigande, lakini nani angenizuia? Nilipanda juu ya kiti chako, unisamehe, nimekifuta. Filimbi ikalia. Kompyuta yako ya barua za likizo ikaonyesha matokeo kwa herufi kubwa na wala haikupumua kwa nguvu.

Kaka akaweka pedi chini. Akatoka hadi uani, na kupitia dirisha la jikoni nikamsikia anazungumza na simu, na yule mtu wa magodoro. "Samahani sana, ndugu yangu. Nilikosea. Kile chumba kina mwenyewe." Yule akabisha kidogo. Kaka akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno: "Kina mwenyewe. Mama alishampa."

Mama alishampa. Hakusema nimeshindwa mechi, ingawa ameshindwa. Alikusadiki wewe. Nilipata chumba na shahidi kwa pamoja, siku moja.

Basi, mama, niko mezani kwangu, mlango umefunguliwa barabarani, na anayepita naye lazima atazame ndani. Nakuahidi: saa za swala naizima, saa za shule simpokei mtoto, na anayeingia hapa bila kunipa shikamoo hagusi pedi, hata akiwa bingwa. Kaka Shomari nitampa nafasi ya kurudisha kisasi kila akija, na kila akija nitamfunga.

Nakuaga kwa leo, mama yangu. Allah akurehemu, akupanulie mahali pako, kama ulivyonipa pangu.

Mwanao,
Mwana