Shangazi Hataki Bastola, Anataka Mbwa

Jacky, niko nje ya kituo cha polisi hapa Lanham, Marekani, nimeshindwa hata kuwasha gari.

Si nilimsindikiza Shangazi Rosemary kuchukua vitu vya marehemu mumewe, aliyekuwa askari hapa? Mkuu wa kituo akasema kwa upole kwamba sheria inaruhusu familia kununua bastola ambayo marehemu alikuwa akiitumia kazini. Nikamtafsiria.

Shangazi akajibu, "Mwambie bastola sitaki. Nataka mbwa."

Mbwa, Jacky. Yule mbwa wa polisi aliyekuwa akizunguka na mumewe.

Mkuu akasema mbwa bado yuko kazini. Shangazi akaniambia, "Muulize, kwani bastola imestaafu?"

Nikatafsiri hivyo hivyo. Ningefanyaje?

Mkuu akacheka, akaagiza mbwa aletwe amsalimie. Mbwa akanusa mkoba wa shangazi, akaketi kimya. Na huyo kafundishwa kuketi akinusa baruti. Askari wote wakarudi nyuma.

Wakaufungua. Sambusa, Jacky. Sambusa za nyama.

Shangazi akamtazama mbwa weee, kisha akasema taratibu, "Nilikuwa namfungia mume wangu tano kila asubuhi, na bado alikuwa akirudi na njaa."

Tumeondoka bila bastola, bila mbwa, bila sambusa. Yuko hapa pembeni yangu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.