Matukio ya Mwaka, na Tangazo la Mujuni

Jumapili, 28 Desemba 2025. Kibeta. Mvua ilianza alfajiri, imekatika sasa hivi.

Sauti iliyobaki nami mwaka huu ni ya karatasi ikigeuzwa karibu mno na maikrofoni. Haikufika hata sekunde mbili. Waliokuwa wakisikiliza labda walidhani ni mikwaruzo ya redio.

Nimechoka. Nimelala vizuri, nimekula, na bado nimechoka.

Mhariri anataka kesho nimpelekee matukio makubwa ya mwaka, tuyasome hewani siku ya mwisho. Nimeanza kuorodhesha. Januari, homa ya Marburg hapa hapa mkoani, ndoo za kunawia zikarudi milangoni na watu wakasalimiana kwa mbali. Papa akafariki, akachaguliwa mwingine. Jirani yangu Mkatoliki akanitania kwamba sisi Walutheri hatuna hata moshi wa kusubiri. Oktoba, uchaguzi, kisha mtandao ukazimwa siku kadhaa.

Hapo kalamu imesimama. Yaliyotokea kwingine nchini siku zile wataandika wengine. Mimi nina langu, na sijalisema popote.

Mtandao ulipozimwa, makundi ya familia kwenye simu yalinyamaza, na watu wakarudi kuleta matangazo ya vifo redioni kwa mkono, kama enzi za babu zetu. Mapokezi palijaa karatasi. Siku moja mchana niliingia studio na rundo ambalo sikulipitia kwanza. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kupitia. Nilikuwa na haraka, na nilijiamini.

Tangazo la nne lilikuwa la Mujuni, mtoto wa shangazi yangu Kemilembe wa Kamachumu. Nilijua amelazwa Mwanza. Nilitambua jina nikiwa nimeshalitamka, na sauti yangu, iliyofunzwa vizuri, ikaendelea mpaka mwisho. Ndipo nikageuza karatasi kutafuta majina ya ndugu wa kutaarifiwa. Nyuma, kwa mwandiko wa baba mdogo Muganyizi, paliandikwa: *Msisome kabla sijapiga simu. Mama yake hajaambiwa.*

Kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto kwa simu, sembuse kwa redio. Hutumwa watu. Wanafika, wanapewa kahawa ya kutafuna, wanauliza habari za kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na yeye anaanza kuelewa kwa jinsi wanavyokaa. Kisha mmoja anasema, na wengine wako karibu kumshika. Baba mdogo na wazee wawili walikuwa njiani kwenda kufanya hivyo. Mvua iliwachelewesha Muhutwe. Walipofika walimkuta shangazi peke yake migombani, kisu cha kumenyea ndizi bado mkononi. Redio ilikuwa inaongea jikoni.

Alisikia kwa sauti yangu.

Msibani alimuuliza kaka yake mbele ya watu kwa nini aliuambia mkoa mzima kabla yake. Baba mdogo akajitetea kwamba aliandika nyuma ya karatasi. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Sikuona maandishi nyuma."

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Kabla ya kusoma sikuyaona. Nilichagua maneno jinsi ninavyoyachagua kwenye taarifa ya habari, yasimame hata yakihojiwa. Shangazi akamwambia kaka yake asikanyage tena kwake.

Hakukanyaga. Krismasi hii kwa shangazi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kiti chake kilikuwa kitupu. Tulikula kama kawaida. Binamu mmoja akanichokoza, "Dada wa redio, hebu tutangazie nani kamaliza senene." Wakacheka. Shangazi akacheka kidogo pia, kisha akatazama njia inayoingia nyumbani.

Nilimwona akitazama. Miezi miwili nilikuwa nikijiambia kwamba watasuluhishwa na muda.

Jana nilirudi Kamachumu. Nilimkuta shangazi akianika kahawa kwenye jamvi. Nikapiga magoti kumsalimu, na sikuinuka. Nikamwambia yote: rundo, haraka, mwandiko wa nyuma, na jinsi nilivyojibu msibani. Aliendelea kutandaza kahawa kwa viganja muda mrefu. Nilitamani anipige.

"Wewe ningekukasirikia mwezi, yakaisha," alisema. "Wewe ni mtoto. Muganyizi ndiye kaka pekee niliyebaki naye, na nimemfukuza kama mbwa."

Nikasema nisamehe, waitu, neno letu la Kihaya la heshima. Akajibu kwamba hajafika huko bado, na kwamba nisimame maana jamvi linaloa machozi na kahawa ni ya kuuza. Sijui kama ulikuwa utani. Nadhani nusu yake.

Nilipoaga alinikatia mkungu wa ndizi. Nikashukuru. Akasema si wangu, nimpelekee Muganyizi.

Leo sikwenda ibadani. Nilipanda bodaboda mpaka Hamugembe, mkungu mapajani, mvua ikininyeshea. Baba mdogo alifungua mlango akiwa na miwani ya kusomea. Nilisema nikiwa nimesimama pale pale kizingitini, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kupanga maneno. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa alivua miwani.

"Nilianza kuamini sikuandika," alisema taratibu. "Nilimwambia hata mke wangu, huenda uzee umeanza."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimemnyang'anya dada yake, na nusura nimnyang'anye na akili yake. Niliutua mkungu sakafuni, nikamwambia umetoka kwa nani.

Aliutazama, akaingia chumbani. Alitoka amevaa koti, akaniuliza kama bodaboda iliyonileta ilikuwa bado nje, na kama saa hizi angepata gari la Kamachumu.