Kwandu Atakapofungua Macho

Mwanza,
Jumamosi, 9 Agosti 1997

Kwako dada Wilhelmina,

Mwangaluka, dada. Nakuamkia kwanza kama inavyotakiwa, maana najua usiposalimiwa vizuri barua unaiweka chini na kuendelea na samaki wako. Habari za Kalemela? Shemeji Ng'washi mguu wake unaendeleaje, na nyavu zinarudi na chochote? Watoto nao hawajambo? Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu, baada ya msimu mzima wa sisi wawili kununiana.

Barua hii utapewa mkononi na Masele, yule dereva anayeleta pamba Mwanza kutoka Bariadi. Anarudi na gari tupu na amekubali kusimama kwako. Mpe maji ya kunywa, ila usimhoji, hajui lolote. Mimi niko hospitali kubwa hapa Mwanza na mtoto. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, na karatasi nimeiweka juu ya paja, ndiyo maana mwandiko unayumba.

Nataka nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu habari zilizokufikia zilitokea kijijini kwetu Sapiwi, na Sapiwi unaijua, hawapiki habari bila kuongeza chumvi.

Baada ya kumzika mke wangu Milembe tulibaki mimi na mwanangu Kwandu peke yetu. Siku moja akitoka kisimani nikaona amelowa upande mmoja tu. Kesho yake vilevile, upande uleule. Nikamfokea kwamba hajui kujitwisha ndoo, nikamsimamisha uani na kumfundisha kutembea, mimi mwanaume ambaye sijawahi kujitwisha hata kibuyu. Alijitahidi, masikini, na maji yakaendelea kumwagika kushoto. Wakati wa kuvuna, kina mama wakamfunga gunia la kuchumia pamba, wakaona bega limeshuka, wakacheka kwa furaha. Walisema bibi yake amerudi shambani.

Jina ulimpa wewe, dada, kama shangazi. Ulimpa la mama yetu, nami nilifurahi. Basi mgongo ulipoanza kupinda, nani angeshangaa? Mama alikuwa na kibiongo, na wewe unakumbuka walivyomtania kwenye kuchuma pamba, kwamba wenzake wanainama hadi kiuno kinalia, yeye Kwandu ameumbwa tayari. Mama alicheka kuliko wote. Kwa watu wetu mambo yalikuwa wazi: mgongo umefuata jina. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda, sitakudanganya.

Muuguzi aliyepita shuleni kupima watoto ndiye alinishtua. Alimwinamisha Kwandu, akaniita, akaniambia huo si mwendo wala si jina, ni uti wa mgongo unapinda kuelekea ubavuni, na atakavyozidi kurefuka ndivyo utakavyozidi kupinda. Tukaja Mwanza, akapigwa picha. Dada, niliiona ile picha. Ilikuwa kama njia ya ng'ombe inayokwepa mawe. Fundi mmoja wa viungo, Fredrick, akamtengenezea jaketi la plastiki gumu, la kukaa mwilini usiku na mchana isipokuwa wakati wa kuoga. Alinieleza kwamba jaketi halinyooshi, linazuia tu, tusubiri mtoto akue.

Sasa nikwambie maisha ya jaketi, maana wewe uliliona siku moja tu. Kila asubuhi namvalisha fulana ya pamba isiyo na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo mdogo unamtoa kidonda. Halafu nakaza mikanda ya nyuma. Anashika nguzo ya mlango, anavuta pumzi, ananiambia kaza baba, na mimi nakaza huku nimefumba macho. Joto la Oktoba unalijua. Mnadani kwenye mitumba tulichagua shati la mwanaume mnene lenye maandishi ya Kizungu, limfunike lote. Watoto wa shule wakagundua, wakawa wanamgonga mgongoni na kumwambia hodi. Mwanzoni alikuwa akiwajibu karibu, wakacheka pamoja. Baadaye akaacha kujibu. Nilimwona kwa mbali, wanamgonga naye amesimama tu.

Kinu cha pamba cha ushirika kimefungwa, hilo unalijua. Sasa nawapimia pamba hawa wanunuzi wapya wanaokuja na magari yao, kijiji kwa kijiji, na Kwandu naenda naye. Haruhusiwi kuinama wala kubeba, kwa hiyo nampandisha juu ya marobota anakaa huko wima, anaangalia watu. Jioni tunarudi, napika, tunakula, tunatazamana. Ameanza kuwa msichana, dada. Wakati wa kuoga ananiambia nigeukie ukutani, na mimi nageuka, lakini vidonda vya mgongoni atavionaje mwenyewe? Yako mambo ambayo baba hawezi kuuliza na mtoto hawezi kusema. Nimekuwa mpweke mpaka naongea na mizani.

Halafu kikaja kile kikao. Baba mdogo Bujiku aliita ukoo, wewe ukaja kutoka Kalemela na kitenge chako kizuri. Wakasema kumnyoosha mtoto ni kumfukuza bibi yake mwilini. Wewe ukasema neno moja lililonichoma kuliko yote, kwamba mama hakuwahi kulalamika hata siku moja juu ya mgongo wake, na mimi kumfunga mwanangu plastiki ni kutangaza kwamba tulikuwa tunamwonea mama aibu. Ukamvua jaketi kwa mikono yako, ukalitundika kwenye uzio. Mbuzi wakatafuna mkanda mmoja. Nilipolichukua na kumvalisha tena mbele ya wote, ukaondoka bila kunywa hata uji. Nilikusindikiza kwa macho tu.

Mkanda nilishona mwingine wa ngozi, na jaketi alilivaa kwa uaminifu. Ndilo linaloniuma, kwamba alilivaa. Tuliporudi kupimwa mwezi uliopita, picha ilionyesha mgongo umezidi palepale ndani ya jaketi. Fredrick akatuandikia turudi wiki hii kuonana na daktari wa upasuaji. Yupo daktari mgeni anayekuja Mwanza na wenzake mara moja kwa mwaka kupasua migongo. Muuguzi Elizabeth alinifasiria maneno yake yote, na nilimwomba asinifiche. Alisema wataweka vyuma pembeni ya uti. Alisema mtoto anaweza kuamka miguu haina nguvu, na asirudiwe nayo tena. Alisema pia tukiacha, mbavu zitabana mapafu kidogo kidogo, na atakapokuwa mwanamke hatakuwa na pumzi ya kupanda hata kilima kidogo. Kisha akaniambia niende nikashauriane na watu wangu.

Watu wangu. Nilitoka nje, nikakaa kwenye hili hili benchi. Ningeshauriana na nani? Bujiku ameshasema yake. Milembe yuko kaburini. Wewe hunisemeshi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama, na sasa nakwambia jambo ambalo aliniomba nisikwambie.

Mwaka wake wa mwisho wewe ulikuwa umeshaolewa Kalemela. Ulipokuja kutusalimia alivaa vizuri, akakaa mkao wake, akakutania. Ulipoondoka alikuwa akilala siku mbili. Kulala kwenyewe hakukuwa kulala, dada. Hakuweza kujinyoosha kitandani, pumzi ilikatika. Nilimpangia magunia ya pamba ukutani, akawa anaegemea ameketi hivyo mpaka asubuhi. Kukikucha nilimbeba nje kwenye jua, alikuwa mwepesi kama mtoto. Asubuhi moja alinishika mkono, akasema, "Mayala, kama enzi zangu angekuwepo mtu wa kuninyoosha, ningemfuata kwa miguu mpaka Mwanza. Wilhelmina usimwambie. Anajivunia mama asiyelalamika, mwachie."

Nilikuachia. Hata siku ya kikao, uliposema vile mbele ya watu, nilimeza. Lakini siwezi kuendelea kulinda maneno ya mama aliyekufa huku mwenye jina lake yuko hai na anabanwa kifua. Nisamehe kwa kukupa mama mwingine usiyemjua. Nadhani bado ni yuleyule.

Nimekubali. Nimeweka sahihi jana, peke yangu. Atapasuliwa Jumanne asubuhi. Sijui kama nimefanya vyema, na hakuna mtu wa kuniambia. Akiamka bila miguu, ni mimi niliyeitoa. Hilo nitalibeba, sikuombi unisaidie kulibeba.

Ninaloomba ni dogo zaidi. Ile ni wodi ya wanawake na watoto wa kike, na mwanaume anaingia saa ya kuona wagonjwa tu. Elizabeth aliniuliza nani atakayekaa na mtoto baada ya kupasuliwa, kumgeuza, kumpa maji, kumsafisha. Nikasema mama yake amefariki. Akauliza, hakuna mwanamke mwingine wa kwenu? Nikasema yuko shangazi yake.

Leo asubuhi wamemvua jaketi, wamesema hatalihitaji tena. Kwandu amelitazama likiwa pale sakafuni, halafu akaniuliza, "Baba, nikifungua macho nitamkuta nani?"

Dada, nilikutaja wewe. Nimemwahidi mtoto kabla sijakuomba. Akafurahi, akauliza kama utakuja na kile kitenge kizuri.

Masele atapita tena Kalemela Jumatatu mchana akija Mwanza na mzigo. Nimemwambia asimame pale njia ya kwako inapotokea barabarani na apige honi. Kama hutakuwepo, ataendelea na safari, nami nitaelewa. Jumatatu jioni nitakuwa getini hapa hospitali, kila gari la pamba litakaloingia mjini nitalitazama.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote wanaoniuliza. Kwandu anakuamkia shikamoo. Amesema niandike kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema, si mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Mayala