Shahidi Aliyengoja Viza

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane. Kasongo

Mtandao umekata tena. Diploma ilipanda kwenye tovuti ya viza, alama za shule zikagoma. Nimerudia mpaka mwenye sibere, duka la intaneti, akachoka na mimi. Mwishowe zimepita.

Chuo cha Uturuki kimenikubali, famasia. Hilo limekwisha. Sasa ni viza. Ubalozi kule Kinshasa umenipa randevu, miadi ya kufika mbele yao, tarehe 28. Vimebaki vyeti viwili: cha kuzaliwa, na kile cha parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, cha kuonyesha kwamba sina kesi. Mdhamini ninaye. Mjomba Shabani, kaka yake mama, mnunuzi wa dhahabu. Baba anauza chumvi na sabuni, hana konti benki, na ubalozi unataka mtu mwenye konti. Mjomba ametia sahihi bila kuuliza swali. Nampenda kwa hilo.

Nilizaliwa Kabambare kwa kina mama, kwa hiyo cheti kiko huko. Kesho naenda na Bahati kwa pikipiki yake. Motari mzuri. Hanywi, hakimbizi.

Jumatano, tarehe 6. Kabambare

Mgongo umekufa. Mashimo na vumbi njia nzima. Daraja moja ni magogo tu. Bahati alinishusha, akavusha pikipiki peke yake huku anaimba nyimbo za kanisani kwao. Ni mtu wa Kivu. Alikuja huku kuchimba dhahabu, shimo likamwangukia mwenzake, akaacha kuchimba. Pikipiki yake ni nyekundu. Kila tukisimama anaifuta. Mke wake, Furaha, ana mimba kubwa. Bahati anauliza sana: Uturuki watu wanakula nini? Nitasali wapi? Wagonjwa watanielewa?

Karani aliandika jina langu Mwamin, bila herufi ya mwisho. Nikamrudishia. Akanuna. Akaandika upya. Muhuri umekaa vizuri, si unasomeka tu, unang'aa. Nimefurahi kama mjinga.

Kesho tunarudi kupitia Lusangi.

Alhamisi, tarehe 7

Wamemuua Bahati.

Naandika sasa, wasije wakaniambia haikuwa hivyo.

Tulisimama Lusangi kununua ndizi. Watu walikuwa wamejaa barabarani, wana hasira tayari. Pikipiki ya Rajabu ilikuwa imeibiwa asubuhi. Rajabu ni mtoto wa Mjomba Shabani, anamnunulia baba yake dhahabu pale machimboni. Pikipiki yake pia nyekundu. Mtu mmoja akapiga kelele: "Ile pale!" Wakatuzunguka. Wakamuuliza Bahati anatoka wapi. Akajibu. Wakasikia Kiswahili cha Kivu. Ikatosha.

Nilipiga kelele. "Huyu si mwizi! Ni motari yangu! Tunatoka Kabambare!" Nikatoa cheti changu kwenye mfuko, nikakipeperusha, kama kwamba cheti cha kuzaliwa kwangu kingemsaidia yeye. Kwanza kofi. Halafu fimbo. Halafu chepe. Bahati alishikilia usukani, hakutaka kuuachia. Wakampiga vidole mpaka akauachia. Jiwe likanipata juu ya jicho, nikaanguka.

Nikiwa chini nikamwona Rajabu. Naye akaniona. Aliniita kwa jina: "Mwamini, toka hapo!" Kwa hiyo alinijua. Alijua nimekuja na nani. Bahati alikuwa amekaa kwenye vumbi, anajifuta damu machoni. Akasema, "Dada, uwaambie." Rajabu akainua jiwe kwa mikono miwili, akamshushia kichwani.

Sauti ya jiwe lile siiandiki.

Ndipo mtu akaangalia namba ya pikipiki. Haikuwa ya Rajabu. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wanapangusa mikono. Mama mmoja wa mihogo akafungua kitenge chake, akamfunika. Yeye peke yake.

Ijumaa, tarehe 8

Wamemleta Kasongo juu ya mbao, nyuma ya lori la mchele. Furaha alifika hospitalini miguu mitupu. Walimkataza kumfunua mumewe uso. Akafunua. Hakulia. Alianza kumpangusa vumbi masikioni, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto.

Mimi nililia. Nilijichukia kwa kulia mbele yake.

Jicho langu limefumba. Wamenishona. Baba hakwenda dukani.

Jumapili, tarehe 10

Mjomba Shabani amekuja na mchele na mbuzi. Alikaa sebuleni, akaongea na baba habari za mvua. Kisha akaniita.

"Mwanangu, Lusangi walikuwa watu wengi, sivyo?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Watu wengi, na wewe umepigwa jicho. Mutu aliyepigwa jicho anaona nini?"

Hakutisha. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama barua ya udhamini iko salama. Nikasema iko salama. Akasema vizuri, viza haipendi mambo ya kesi. Akaondoka.

Mama alisema, akikatakata nyama, bila kunitazama: "Rajabu ni damu yetu." Baba aliinuka akatoka uani. Ningependa angesema kitu.

Jumatatu, tarehe 11

Parke. Nilikwenda kuomba cheti cha kutokuwa na kesi. Majistra, ofisa wa mashtaka wa pale, akaona jicho langu, akaona jina langu, akafunga mlango. Alikuwa na watu wawili waliosema ni Rajabu, wote wachimbaji, wote wameshakimbia Lusangi. Anahitaji mtu aliyesimama karibu. Akauliza taratibu. Ulimwona aliyetupa jiwe?

Nikasema sikumtambua mtu.

Akaandika. Nikatia sahihi. Kisha akanipa cheti changu, kwa sababu kweli sina kesi.

Niko nacho hapa. Karatasi nzuri. Nimeiweka chini ya godoro.

Jumanne, tarehe 12

Picha za viza. Mpiga picha alitandika shuka nyeupe ukutani. Ubalozi unataka uso wote uonekane, mtandio usifunike paji. Alinipiga, akatazama, akakuna kichwa. "Yaya," aliniita kama dada yake, "hapa utafanana na mutu ametoka kwenye vita. Ungoje uvimbe upungue." Nikacheka. Kicheko kibaya. Akaogopa.

Kutoka pale nilimkuta Furaha njiani, ameshika tumbo, anatoka kufuata pikipiki ya mumewe polisi. Ananishukuru! Ananishukuru kwa kuwa nilipiga kelele kumtetea. "Wameniambia ulipigwa jiwe kwa ajili yake." Nilimpa ndizi nilizotoka kununua, nikaenda haraka kama mwizi.

Jumatano, tarehe 13

Leo damu nyumbani kwetu.

Rajabu alikuja baada ya sala ya alasiri na valizi mpya, ya magurudumu. Zawadi ya safari. Alijua nilichosema parke. Akaketi kwenye kiti cha baba, anatabasamu, anaomba chai. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Akaja kusimama karibu.

"Dada, ile ilikuwa ajali tu. Mutu wa kuja. Kwao hawamujui, kwetu hatumujui."

Kisha akaiga. Akaiga namna Bahati alivyosema "Dada, uwaambie." Kwa sauti nyembamba. Anacheka.

Sikufikiri. Mchi ulikuwa mkononi. Nilimpiga nao begani, halafu mbavuni. Nilitaka kumpiga kichwani. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitaka kusikia sauti ile ile.

Aliupokonya. Akanigonga tumboni kwa ncha, nikakosa pumzi. Akaninyakua mtandio, akanivuta mpaka kwenye kinu, akakibamiza kichwa changu ukingoni. Nyuzi za jicho zikafumuka. Baba akaingia anakimbia, mzee wangu asiyepigana na mtu, akamrukia mgongoni. Rajabu akageuka na mchi. Mkono wa baba ulivunjika, nikausikia. Mama akapiga yowe, majirani wakaruka ukuta. Rajabu akatoka kwa miguu yake. Valizi akaiacha.

Baba amelala, mkono umefungwa kwa mbao. Kabla ya kulala alisema, "Uende parke kesho. Mimi nitakuwa nyuma yako." Ndilo neno nililokuwa nalingoja tangu Jumapili.

Alhamisi, tarehe 14

Nimesema. Yote. Jiwe, mikono miwili, jina langu alivyoliita. Nikasema pia kwamba Jumatatu nilidanganya, na kwa nini.

Majistra aliweka kalamu chini. "Unajua unavunja safari yako kwa kinywa chako?"

"Najua."

"Na ile sahihi ya kwanza? Naweza kukufungulia kesi kwa uongo."

"Fungua."

Baba alikuwa nyuma yangu na mkono wake uliofungwa mbao. Majistra alimtazama yeye kuliko mimi. Hakufungua kesi. Alichukua karatasi mpya.

Nilitoka nikiwa mwepesi, halafu kule nje jua likanipiga nikakumbuka Uturuki. Nikakaa chini kwenye ngazi.

Jumamosi, tarehe 16

Polisi wamemkamata Rajabu huko Kabambare. Wakati wa adhuhuri marafiki zake wakaja na pikipiki, wakalirushia duka la baba mawe, halafu petroli, wakaliwasha. Chumvi haiungui, inapasuka. Mtaa mzima ulisikia. Sabuni zikayeyuka zikatiririka barabarani. Sisi na majirani tulirusha mchanga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tumeokoa kuta.

Mjomba Shabani alifika moshi ungali unatoka. Safari hii hakukaa. Alidai barua yake ya udhamini. Nikamletea. Akaichana mbele ya mama, vipande vidogo vidogo.

Mama akanigeukia, akanipiga kofi. Upande ule ule wa jicho. "Umenichukulia ndugu yangu." Kisha akaenda kujifungia.

Sina mdhamini. Mama hana kaka. Baba hana duka. Bahati bado amekufa.

Jumatano, tarehe 20

Nimeandikia ubalozi na chuo. Nimesema ukweli kwa ufupi: mdhamini amejitoa, natafuta mwingine. Niliandika kwa Kifaransa cha adabu. Kile kilichonijia kichwani kilikuwa matusi.

Mtu amechora panga kwa mkaa kwenye mlango wetu. Baba amelifuta kwa mkono mzima. Silali vizuri. Nikisinzia naona vidole kwenye usukani.

Mama hasemi na mimi. Chakula ananiwekea, anafunika, anatoka.

Alhamisi, tarehe 28

Randevu. Mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu Kinshasa.

Nilishinda nakwangua masizi dukani. Nilikwangua mpaka kucha zikatoka damu. Nilimtukana Bahati kwa kusimama kununua ndizi. Mimi ndiye niliyesema tusimame. Nilimtukana hata hivyo.

Jumatatu, tarehe 15 mwezi wa tisa

Kesi imesomwa uwanjani, mahakama ikikaa hadharani, watu wamejaa. Rajabu alikana. Nikasimama. Wakili wake akaniuliza kuhusu mchi, nikasema ndiyo, nilimpiga, na ningempiga tena. Watu wakaguna. Furaha alikuwa mbele, amejifungua juma lililopita, amembeba mtoto mgongoni. Msichana. Alinitazama wakati wote. Sasa anajua kwamba mwanzo nilidanganya. Baadaye hakunishukuru. Alinishika mkono tu, akaubana mpaka ukauma, akaenda.

Rajabu amehukumiwa kifungo, wanampeleka Kindu. Alipopita alinitemea mate. Nilijifuta.

Mjomba alilia pale uwanjani, mtu mzima yule. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Ijumaa, tarehe 3 mwezi wa kumi

Mvua tangu alfajiri. Chuo kimejibu juma hili: nafasi yangu wataishika mpaka muhula wa pili, nikileta mdhamini na randevu mpya. Baba alisomewa mara mbili. Amekwenda Kindu kuuliza namna ya kufungua konti. Mkono wake haunyooki vizuri tena, lakini kabla ya kuondoka alishika kalamu nao, akajaribu sahihi yake nyuma ya boksi la sabuni, mara nyingi.

Jioni nilikuwa nachambua mchele. Mama akaja, akaketi upande wa pili wa ungo. Akaanza kuchambua naye. Mvua kwenye bati.

Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Kule Uturuki, baridi yake iko namna gani?"

Nikasema sijui, wanasema ni kali, theluji inaanguka.

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje.

"Siku ya soko nitakutafutia pulova," akasema.